Mpira Aliouachia Komeo

Dada yangu aliidakia timu ya taifa ya mpira wa magongo kwa miaka kumi na mmoja, wakambatiza Komeo. Alicheza mechi arobaini na tisa za kimataifa, akarudi na vidole viwili vilivyopinda na begi la vikinga miguu lililonuka mpaka mama akalipiga marufuku sebuleni. Kisha akaachia mpira mmoja upite, akastaafu wiki hiyohiyo. Sasa anapima macho katika duka la miwani, na mimi mdogo wake nauza fremu pale mbele. Utani wa kipa asiyeona anayepima macho ya wenzake tumeshausikia, kwa hiyo usijisumbue.

Kanuni yenyewe ni hii: mbele ya goli kuna nusu duara. Mpira ukipigwa kutoka nje yake, ukaingia wavuni bila mshambuliaji kuugusa ndani, si bao. Kipa mwenye akili anaupisha tu. Komeo alishapisha mingi namna hiyo na akapigiwa makofi.

Siku ya kufuzu kombe la dunia, tukiwa sare, zimebaki dakika mbili, mpira ulichapwa kutoka mbali. Namba tisa wao akanyoosha gongo. Dada akaupisha. Refa akaamua ni bao, eti namba tisa aliugusa. Video inaonyesha mgongo wa beki tu.

"Mwanangu," mama alimwambia, "mgeni gani huyo unamfungulia mlango hata hodi hajapiga?"

Miaka sita sasa. Yuko anaosha vyombo, ghafla anageuka. "Hivi, mdogo wangu, nilisikia gongo likigusa mpira, au lilikwaruza kapeti la uwanja?"

Najuaje mimi? Nilikuwa jukwaani natafuna karanga. Asubuhi anaapa alisikia, jioni anaapa hakusikia, na mimi kichwa kinaniuma kwa mechi ambayo sikucheza. Ananiudhi, na ananitia huruma. Tegemeo lake lilikuwa moja: "Namba tisa anajua. Gongo lilikuwa mkononi mwake." Akamwandikia barua tatu. Kimya.

Jumanne iliyopita mwanamke mrefu mwenye kovu kidevuni aliingia dukani akaulizia Komeo. Dada akachungulia kutoka chumba cha kupimia, akalitambua lile kovu.

"Barua zako nilizipata," mgeni alisema. "Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Kwetu wananiita shujaa kwa lile bao, na mimi nacheka nao tu. Wewe ndiye uliyekuwa karibu na mpira, dada. Niambie ukweli. Niliugusa?"

Nadhani dada hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya kazi yake. Akamkalisha kwenye kiti, akamvalisha fremu ya kupimia, akazima taa, herufi zikawaka ukutani. Akaweka lenzi moja, akaitoa, akaweka nyingine.

"Unaona vizuri kwa hii, au hii?"

"Sijui."

Akabadilisha tena, taratibu. "Hii, au hii?"

"Kusema kweli, dada yangu, sijui."

"Hata mimi," dada akasema, akavua miwani yake mwenyewe, akalia mbele ya mteja.