Ugomvi wa Kunong'ona

Mimi na mume wangu hatukuwa na lugha ya kujifichia. Yeye ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na kwao wanasema Kirundi. Mimi ni mtu wa Rabai, na kwetu tunasema Kirabai. Ya kwake siijui, ya kwangu haijui. Tulikutana Stockholm kwenye darasa la Kiswidi la wageni, tukaposana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, tukamlea binti yetu kwa Kiswahili, naye akawa anatujibu kwa Kiswidi. Wenzetu waliooana kabila moja, wakitaka kusema jambo mtoto asilisikie, hubadili lugha pale pale mezani na chai inaendelea. Sisi tungebadili kwenda wapi? Kiswahili mtoto anakielewa chote, Kiswidi anatushinda, na Kiingereza alikuwa akikichota shuleni kwa kasi ya kutisha.

Kwa hiyo tuligombana nje ya nyumba. Kule Fittja kila jengo lina chumba cha kufulia huko chini kabisa, unaweka zamu yako, unaingia na kapu lako na kufunga mlango. Ndoa yetu ilisemewa humo. Mashine zinazunguka, mmoja anakunja shuka, mwingine anatoa la moyoni. Tukimaliza tunapanda lifti na nguo safi, tumenuna au tumecheka, mtoto hana habari. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniambia nina bahati, hajapata kumwona mwanamume Mwafrika anayependa kufua kama wangu. Nilimwambia namshukuru Mungu.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Oktoba, aliponiambia nivae vizuri twende mjini kula chakula cha mchana, sisi wawili tu, sikufurahi hata kidogo. Alikuwa dereva wa basi, na kazini walikuwa wamempa zawadi ya chakula cha watu wawili kwenye mkahawa mpya huko Söder. Zawadi ni kweli, niliiona. Lakini mume wangu si mtu wa mikahawa. Nilijua kuna jambo, na kwamba jambo hilo limekuwa kubwa mno kwa chumba cha kufulia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, nyekundu, ya zamani sana, mojawapo ya zile ambazo huruhusiwi kupigilia hata msumari bila kibali. Sakafu inalia kila ukikanyaga. Dari iko chini, na boriti nyeusi zimepita juu ya vichwa vya watu. Waswidi walikuwa wameketi wawili wawili wakinong'ona kama wako kwenye matanga. Mhudumu, dada mmoja mpole mwenye nywele nyeusi zilizofungwa kisogoni, alitupokea na kutuomba tusiburute viti, kwa ajili ya mbao za sakafu. Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama dirisha.

Hapo nikaelewa kwa nini amenileta mkahawani. Sauti yangu mimi ni ya mtu aliyekuwa akiitana na dada yake kutoka shamba hadi shamba. Mume wangu alijua pia kwamba mbele ya watu nina haya, siwezi kujitia aibu. Amenichagulia mahali ambapo siwezi kupiga kelele. Nilikasirika hata kabla ya kujua kosa lenyewe ni lipi.

Yule dada alitueleza chakula. Mama yake anatoka Malaka, alisema, na hiki ndicho walichokuwa wakila kwao, ila hapa wamekifanya cha kisasa. Zamani wafanyabiashara wa Kichina walikwenda kuishi Malaka na Singapuri, wakaoa huko, na watoto wao wakawa na mapishi yao, ya baba na ya mama katika chungu kimoja. Watu hao wanaitwa Waperanakan. Jina maana yake, kwa maneno yake, ni mtoto aliyezaliwa papo hapo. Mume wangu aliitikia kwa kichwa kwa adabu nyingi kuliko kawaida yake.

Vikaja vikombe vidogo vya unga uliokaangwa, vyembamba kama karatasi, ndani vimejazwa mboga na uduvi. Akaja samaki aliyepondwa na viungo akachomwa ndani ya jani la mgomba. Badala ya ng'ombe walitupikia nyama ya kulungu wa kaskazini, imeiva katika tui mpaka tui limekauka, na juu yake wamemwaga yale matunda mekundu madogo ambayo Waswidi hula na kila kitu. Mimi ni mtoto wa minazi. Lile lilikuwa tui la kweli, halikutoka kwenye kopo, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu nilitaka kila kitu mle ndani kiwe kibaya.

"Mama," mume wangu alianza, "leo nataka tuongee vizuri. Usikasirike bure."

"Sema."

"Mtoto atakwenda kusoma Kenya. Januari. Kuna shule ya masista kule Taita, ya bweni. Nafasi ipo tayari."

Nilikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Nilikimeza bila kukitafuna.

Inafaa nieleze hofu yake, maana hofu ilikuwa ya kweli, na sitaki kusema uongo juu ya mtu eti kwa kuwa nimemkasirikia. Majira ya kuchipua mwaka ule binti yetu, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa ameanza kutoroka masomo. Baba yake alimfokea na kumnyang'anya simu. Mtoto akamsimulia mshauri wa shuleni, na machozi juu. Wakaja watu wawili wa ustawi wa jamii, wakakaa kwenye kochi letu, wakanywa kahawa, wakauliza maswali yao kwa upole, wakatuandikia baadaye kwamba hawana la zaidi. Kwangu mimi yalikwisha. Kwa mume wangu ndiyo kwanza yalianza. Kanisani kila mtu ana kisa cha fulani aliyechukuliwa watoto, na kila Jumapili alirudi na kisa kipya. Huyu ni mtu aliyekwisha kukimbia nchi akiwa mtoto, na waliobaki nyuma hakuwaona tena. Mlango ukigongwa, alisimama.

Hayo nayajua, na niliyajua siku ile. Lakini kuogopa ni kitu kimoja, kunizunguka ni kingine.

"Nafasi umeitafuta kupitia nani?" niliuliza.

Akaikunja leso yake. "Dada yako. Yeye ndiye atakuwa anamwangalia likizo."

Dada yangu! Tumbo moja, ziwa moja. Kila mwisho wa wiki tulikuwa tukizungumza, mimi nikikwaruza zile kadi za simu za miaka ile mpaka kucha zikawa nyeusi, akiniuliza hali ya baridi, akiniuliza mtoto anakula vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

"Ni mimi nilimwambia anyamaze," mume wangu alisema. "Nilimwambia nitakuambia mwenyewe."

"Lini? Akishapanda ndege?"

"Ongea polepole."

"Naongea polepole!" Na kweli nilikuwa nanong'ona, shingo imenisimama mishipa. Kugombana kwa kunong'ona ni kazi ngumu kuliko kubeba mawe. Kila neno lenye uchungu lazima ulipunguze kwanza ndipo ulitoe, na kile ulichopunguza kinabaki kifuani.

Akaniletea methali. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikamwambia kama ni hiyo ya pili, basi mamaye yuko hapa mbele yako, mbona hukumuuliza amemfunza nini? Akala.

Yule dada akarudi na chungu kidogo. Kuku, alisema, katika mchuzi mweusi, pamoja na kokwa ambazo ndizo fahari ya mapishi yao. Kokwa zilikuwa kubwa kama mayai ya bata, nyeusi, zimetobolewa juu ili uchokonoe kilichomo kwa kijiko kidogo. Akatueleza kwa fahari kwamba kokwa hizi zikiwa mbichi zina sumu ya kuua mtu. Huchemshwa, zikafukiwa kwenye majivu na udongo siku nyingi, mpaka sumu yote itoke. Ndipo zinalika. Akatutakia mlo mwema.

Mume wangu akaishika kokwa yake, akaigeuzageuza. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata andiko.

"Unaona?" alisema. "Unaona, Mama? Hata kitu chenye sumu, ukikifukia kwenye udongo wa kwao, kinapona. Miaka miwili mitatu tu. Anarudi mtoto mzuri."

Nimeishi na hasira nyingi katika maisha yangu. Nimewahi kukasirikia wakubwa wa kazi, majirani, hata Mungu siku mama yangu alipofariki nami sina njia ya kwenda kuzika. Lakini sijui kama nimewahi kukasirika kama nilivyokasirika juu ya kokwa ile.

"Mtoto wangu hana sumu," nilimwambia.

"Ni mfano tu."

"Mtoto wangu si mfano. Na kama unataka mifano ya chakula, hukumsikia dada wa watu alivyosema jina lao? Mtoto aliyezaliwa papo hapo. Wako amezaliwa hapa. Udongo wa kwao ndio huu, wenye theluji. Huko Kenya unakotaka kumfukia ameshakaa likizo mbili tu, tena aliugua tumbo."

"Wewe unataka wamchukue?"

"Nani anamchukua? Anayemchukua hapa ni nani kama si wewe?"

Hilo lilimchoma, nililiona likiingia. Akaweka kijiko chini. Na ndipo alipotoa lile alilokuwa amelificha mpaka mwisho.

"Nilikwisha kuongea naye," alisema. "Amekubali. Ni wewe peke yako umebaki."

Nikasimama. Nilisahau boriti. Niligonga kichwa kwa kishindo kilichomfanya kila aliyekuwa ananong'ona anyamaze, na yule dada akaja mbio. Nilidhani anakuja kunipa pole. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye ubao, kisha ndiyo yakanishukia mimi. Akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia kwa Kiswidi changu chote, na kwa sauti yangu yote, kwamba boriti yake haijavunjika, ila mume wangu anataka kunipokonya mtoto, na kuku wake ni mtamu. Nikachukua koti langu. Nilitembea juu ya ile sakafu na kila ubao ukalia.

Njia nzima ya kurudi, kwenye treni ya mstari mwekundu, nilikuwa nikijibizana naye kichwani. Nundu ilikuwa imeota juu ya paji la uso. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alihamia kiti kingine. Amekubali, nilikuwa nikijiambia, amekubali vipi? Mtoto ambaye hukubali kuvaa kofia? Nilijua baba yake anadanganya. Niliposhuka Fittja nilikuwa na hakika kabisa.

Binti yetu alikuwa jikoni, anakula makaroni moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Niliingia na viatu vyangu, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi, akatazama viatu kabla ya kunitazama usoni.

"Ni kweli umekubali kwenda kusoma Kenya?"

Akaweka uma chini. "Ja," alisema. Ndiyo.

"Kwa nini?"

"Men det var ju du som ville det."

Lakini si wewe mwenyewe ndiye uliyetaka? Aliyasema hayo bila ukali, kama anayenikumbusha jambo nililolisahau. Baba alikuwa amemwambia, kabla ya shule kufunguliwa, kwamba Mama amechoka, Mama ameshaamua, ila linamuuma kulisema, kwa hiyo asije akamsumbua kwa maswali. Nilimwambia ni uongo. Nilimwambia mimi nimelisikia leo, saa hii, mbele ya sahani ya kuku. Alinitazama, hakuniamini.

"Ulinipima," alisema, bado kwa Kiswidi.

Mwezi wa Agosti dada yangu alinipigia akaniomba vipimo vya mtoto. Amepata kitambaa kizuri, alisema, anataka kumshonea gauni la Krismasi. Nikachukua utepe, nikamsimamisha binti yangu kwenye korido, nikampima mabega, kiuno, urefu wa sketi. Nilimtania kwamba akiendelea hivi atagusa taa. Hakucheka. Nikasema moyoni ni umri, wasichana wa umri huo hawacheki na mama zao. Kumbe baba yake alikuwa amekwisha kumwambia mama mkubwa anamshonea sare ya shule. Alinyoosha mikono, nikampima, nikamwambia geuka, akageuka.

Hakwenda. Nilisema sitaki, kwa sauti ambayo jengo zima lilisikia, na baba yake akaacha. Dada yangu nimeshamsamehe. Hata ile ya shule na masista na kupangiwa maisha kwa siri, nimeimeza. Nisichoweza kukimeza ni zile wiki zote tangu Agosti, mtoto akiamka, akila chakula changu, akiniaga mlangoni, huku akiamini kwamba mimi ndiye ninayemfukuza. Hilo sijalisamehe mpaka leo, wala sioni haya kulisema.

Siku ile jikoni nilimuuliza kwa nini hakuja kuniuliza mwenyewe, mara moja tu, hata kwa kunikemea. Alikwaruza sufuria kwa uma.

"Niliogopa ungesema ndiyo."