Kipanya Bora Nilichochagua Bwera

Nichekeni tu, nimejitakia. Ofisini nilijigamba kwamba hakuna anayejua kuchagua kipanya kisicho na waya kama mimi. Bosi akaniazima laptopu yake, nikaenda nayo Bwera, nikajaribu vipanya vya duka zima, nikachukua kilicho bora.

Kesho yake, Kasese, bosi akawa anawaonyesha wanunuzi wa kahawa picha ukutani kwa projekta. Mimi nyuma, na laptopu yangu, kipanya kimekufa! Nikakisugua, nikakibonyeza kwa hasira. Kumbe ukutani picha zinaruka zenyewe. Bosi akatokwa jasho. Mlokole mmoja akasimama: "Hii ni pepo! Tuombe!"

Nani alikemea kwa sauti kunishinda? "Toka!" nikagonga kipanya mezani. "Toka!" nikagonga tena. Kila toka, picha nyingine.

Mama Kavira, mnunuzi kutoka Butembo, hakuwa amefumba macho. "Papa, acha kwanza kugonga ile kipanya. Pepo nayo itapumuzika."

Nikaacha. Picha zikatulia.

Bosi akachomoa kwenye laptopu yake kile kidude cha kuunganisha kipanya, nilichokichomeka Bwera nikakisahau. Akakiinua juu, wote wakione.

"Na hii ni ya nani?"

Nikajibu, "Amina."