Buni Moja kwa Kila Wimbo

Sauti ya Klaudia Kokugonza ilikuwa mbaya. Tusizungukezunguke, maana hata yeye mwenyewe hakuzunguka: alikuwa akisema kwamba siku Mungu alipogawa sauti, yeye alikuwa jikoni anachemsha kahawa. Kwaya ya kigango ilimvumilia Jumapili mbili. Jumapili ya tatu mwalimu wa kwaya alimpa kazi ya kupanga maua altareni, akamshukuru sana kwa moyo wake wa kujitolea.

Kazi aliyoijua hasa ilikuwa kahawa ya kutafuna. Alichuma buni kabla hazijawa nyekundu, akazichemsha na majani ya viungo ambayo hakumtajia mtu, akazianika, kisha akazifunga kwenye maganda makavu ya mgomba, vifungu vidogo vya kutosha mkono mmoja. Uhayani mgeni hukaribishwa kwa buni, kwa hiyo hapakuwa na arusi wala matanga pale Nshamba ambapo Klaudia hakuitwa na kikapu chake. Ni kikapu hicho kilichompeleka kwa Lwakatare.

Josia Lwakatare alikuwa mpiga enanga. Enanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia, na juu yake uzi mmoja umepitishwa mara nyingi kutoka ncha hadi ncha. Mpigaji huulaza mapajani, akauchezea kwa vidole vya mikono miwili. Wapigaji wa zamani waliimba vita na wafalme. Lwakatare aliimba mambo ya jana na juzi, na aliyatunga mwenyewe: mwalimu aliyenunua baiskeli akaogopa kuipanda, mjane aliyeng'oa mahindi ya jirani kwa hasira, kijana aliyekwenda Uganda kutafuta kazi. Alikuwa na masikio makubwa yaliyochekwa tangu shuleni. Alipoanza kuimba, hakuna aliyeyaona tena.

Na Klaudia alimpenda. Wenye akili mbovu wasianze kunong'ona: alikuwa mke wa Protase, na alimpenda Protase pia. Lakini Lwakatare alipoimba, Klaudia alijisikia mtu aliyesimama ukingoni mwa ziwa kwa mara ya kwanza, hajui maji yanaishia wapi. Alishindwa kuelewa mtu wa kula ndizi na maharage kama yeye aliyatoa wapi maneno yale.

Basi Desemba ya mwaka wa Uhuru, katika arusi moja, furaha ilimzidi. Nyimbo za enanga huimbwa kwa kupokezana: mwimbaji anatoa shairi, watu wanaitikia, anatoa jingine, wanaitikia tena. Klaudia aliweka kikapu chini, akaitikia kwa sauti yake yote. Akaitikia mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Lwakatare akalaza kiganja juu ya nyuzi.

"Ma Kokugonza," alisema kwa upole, akatia na lile "waitu" la heshima ya Kihaya, na upole huo ndio uliouma, "nakuomba waitu, wewe unisikilize tu. Kuitikia waachie hawa wengine."

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Bibi arusi mwenyewe, aliyetakiwa kuinamisha kichwa na kuona haya, alicheka. Klaudia alirudi nyumbani uso unamwaka, akamwambia Protase kwamba hatakanyaga tena mahali anapoimba yule mwenye masikio. Alikaa siku nane. Kipenda roho hula nyama mbichi: siku ya tisa alikuwa amekaa karibu na mlango, juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, anamsikiliza yule yule.

Ila sasa alikuja na silaha. Kila Lwakatare alipoanza wimbo, Klaudia alitia buni moja mdomoni, akaibana shavuni. Ulimi ukitaka kuitikia, unaikuta buni, unakumbuka. Buni moja kwa kila wimbo. Miaka karibu mitatu alikwenda hivyo, arusini, kwenye vilabu vya rubisi ya ndizi, kwenye sherehe za chama, wengine wakipaza sauti na kupiga makofi, yeye kimya kama gunzi. Hakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

Septemba ya mwaka 1964 homa ilimshika Lwakatare siku ya Jumatatu. Jumatano walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali, na akafia njiani, kwenye mteremko, kabla hawajavuka mto. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Waliombeba walisema baadaye kwamba vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya blanketi hadi mwisho. Klaudia alilia mpaka Protase akaogopa.

Tangu hapo, kila mwaka siku ile, wapenzi wake walikusanyika nyumbani kwa Byabato. Huyu Byabato alikuwa amejifunza enanga kwa marehemu, na vidole vyake vilikuwa vizuri. Walileta rubisi, walileta ndizi, Klaudia alileta buni. Kigoda cha Lwakatare kiliwekwa katikati ya nyumba, kitupu, na ole wake mtoto atakayekigusa. Byabato alipiga nyuzi, na watu sitini au themanini waliitikia huku machozi yanawatoka. Juu ya nyimbo zote walipenda ule wa kijana aendaye Uganda. Humo kila kitu cha nyumbani kinamuaga, na watu huitikia: *Nenda, utatukuta.*

Wakati wa shairi la mwimbaji, Byabato alipiga nyuzi peke yake. Hakuna aliyeimba. Klaudia aliona ni adabu kubwa: wamemwachia marehemu nafasi yake, kama walivyomwachia kigoda. Kwa hiyo katika kila ukimya ule yeye aliyapitisha mashairi moyoni, neno kwa neno, buni ikiwa shavuni, na alidhani wote wanafanya vivyo hivyo. Kigoda tu ndicho kilichomsumbua. Alikuwa na lake juu ya kigoda hicho, lakini nani angemsikiliza? Alilimeza pamoja na mate ya kahawa.

Ikapita miaka tisa namna hiyo. Nchi ilikuwa imeshika ujamaa, nyumba kumi kumi zilikuwa na balozi, na serikali ilikuwa imesema nyimbo za wazee ni mali ya taifa. Ndipo mwaka 1973, siku ile ile ya kumbukumbu, akaja kwa Byabato Bwana Yunus kutoka Bukoba mjini, mtu wa utamaduni, na mashine ya kunasa sauti ndani ya sanduku la ngozi. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba, akakijua Kihaya. Alikuwa na utepe mmoja uliobaki, na betri alizokuwa akizipapasa kila mara kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Jioni alitakiwa awe amerudi mjini.

"Nimeambiwa hapa ndipo penye nyimbo za Lwakatare," alisema.

"Umefika, waitu!" watu walijibu. "Sisi sote hapa tunazijua. Hata ukituamsha usingizini."

Byabato akaulaza ubao mapajani. Mashine ikazunguka. Nyuzi zikalia, na watu themanini wakaitikia kwa sauti ambayo hata kuku walikimbia: *Nenda, utatukuta!* Nyuzi zikaendelea peke yake. *Nenda, utatukuta!* Nyuzi peke yake. Yunus akainua kidole, akaizima mashine.

"Kiitikio nimekisikia," alisema. "Wimbo uko wapi?"

Mmoja alimwambia mwenzake, "Anza wewe," na mwenzake akamsukumia wa tatu. Mzee mmoja alijaribu shairi la mgomba, akaliingiza kwenye la mbwa, akakwama. Yunus alimgeukia Byabato.

"Mimi nilikuwa nawaachia wao," Byabato alisema, jasho limemtoka. "Nilikuwa mwitikiaji wa kwanza, Bwana Yunus. Nilikuwa naitikia kwa nguvu mno, nasubiri zamu yangu tu. Nikadhani wengine wanayo mashairi."

"Na sisi tulidhani unayo wewe," walisema wengine.

Penye miti hapana wajenzi. Themanini walikuwa wamempenda mtu yule hadi kumlilia miaka tisa, na katika themanini hao hakuna aliyebaki na mashairi mawili yanayofuatana. Walikuwa wamempigia kelele za mapenzi kote alikopita, na kelele hizo ndizo zilizowanyima kumsikia. Mwanamke mmoja alianza kulia, si kilio cha kila mwaka, kilio kingine. Yunus alitazama saa, akaanza kukunja waya taratibu, naye ameona haya kwa niaba yao.

Klaudia alikuwa karibu na mlango. Mashairi yote ishirini na matatu yalikuwa kichwani mwake, yamepangwa kama vifungu kwenye kikapu, na sanduku la ngozi lilikuwa linafungwa. Lakini marehemu alikuwa amemwomba kwa kinywa chake. Ombi la mtu aliyekufa si kitu cha kuchezea. Halafu kuna ile sauti. Ingeingia kwenye mashine, ingekwenda mjini, watu wasiomjua wangeicheka hata yeye akiwa ameoza kaburini. Angeweza kunyamaza. Amenyamaza miaka yote, nani angejua?

Yunus akashika kufuli ya sanduku.

"Ninayo mimi," alisema Klaudia.

Nyumba nzima iligeuka. "Wewe, Ma Kokugonza?" Byabato aliuliza, na pembeni mtu alicheka puani.

"Mimi. Nitakusemea, Bwana Yunus, wewe uandike."

"Nikiandika itakuwa maiti ya wimbo, mama," Yunus alisema. "Imba. Njoo hapa karibu."

Alikwenda akasimama mbele ya mashine, kando ya kile kigoda kitupu. Alitoa buni shavuni, akaifumbata mkononi. Byabato aligusa nyuzi. Klaudia akafungua mdomo, na sauti ikatoka vile vile ilivyokuwa mwaka wa Uhuru, mlango wa bati unaoburutwa.

*Mgomba ukasema: majani yangu makavu atayakata nani?*

Kwa Kihaya maneno hayo yanakata zaidi, lakini maana ndiyo hiyo. Mzee wa shairi la mgomba alishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichopotea. Kisha wakaitikia.

Hapo ndipo Klaudia alipopatwa na jambo ambalo hakulitarajia. Kuitikia alikuwa amekusikia maisha yake yote, lakini akiwa ubavuni, mlangoni, miongoni mwa watu. Hakuwahi kukusikia akiwa mbele. Sauti themanini zilimjia usoni kwa pamoja, *Nenda, utatukuta*, zikampita mwilini, na nywele zikamsimama. Alisahau shairi la pili. Alibaki ametoa macho. Haya ndiyo aliyokuwa akiyapata, aliwaza. Kila alipoimba alikuwa anapewa haya. Amekufa kijana, ndiyo, lakini alikufa ameshapewa haya.

Byabato alirudia nyuzi, akamsubiri. Klaudia akaendelea.

*Mti wa kahawa ukasema: nikiiva, nani atainama chini yangu?*

*Mbwa akasema: nitakimbilia nyayo zako mpaka mvua izifute.*

*Kaburi la baba likasema: mimi sikuulizi kitu, mimi nilitangulia.*

Shairi la kumi, la kumi na tano, la ishirini. Watu waliacha kupiga makofi. Walikuwa wanaitikia polepole, wakinyamaza upesi ili wasipoteze neno, na kwa mara ya kwanza walielewa kwamba wimbo waliouimba miaka yote walikuwa hawajausikia. Ubaya wa sauti ulikuwa pale pale, haukupungua hata kidogo, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuushughulikia. Klaudia akafika shairi la mwisho, lile ambalo kijana ndiye anayewajibu waliobaki.

*Nikichelewa, kigoda changu msikiache kitupu. Mpeni aliyechoka kusimama.*

Hawakuitikia. Macho yote yalikwenda kwenye kigoda, kilichokaa katikati ya nyumba miaka tisa kwa heshima, kinyume kabisa cha alichowaomba mwenyewe. Utepe ulizunguka ukinasa kimya. Byabato aliweka ubao chini, akainuka, akakifuta kigoda vumbi kwa kiganja, akakisogeza nyuma ya magoti ya Klaudia.

"Kaa, Ma Kokugonza," alisema. "Umesimama sana."

Akakaa. Hapo ndipo walipoitikia, *Nenda, utatukuta*, kwa sauti za chini zilizokatikakatika, na Yunus mwenyewe aliitikia.

Baadaye aliurudisha utepe, akawasikilizisha. Klaudia alikuwa hajawahi kusikia sauti yake ikitoka nje yake. Alisikiliza mashairi mawili, akajishika mdomo.

"Mungu wangu!" alisema. "Kumbe Lwakatare alinionea huruma. Angenitoa nje kabisa!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka akashindwa kuyazuia. Protase alitoka kati ya waitikiaji, akampa kitambaa chake.

Yunus alitoa kalamu ili aandike juu ya boksi la utepe. Mtunzi aliandika Josia Lwakatare, wa Nshamba. Mpiga enanga, Byabato. Kisha akamgeukia Klaudia, akamuuliza jina lake kamili, na kama aandike mwimbaji, au mwimbaji kiongozi, wasemavyo mjini.

"Andika Klaudia Kokugonza," alisema, huku akiirudisha buni yake shavuni. "Usiandike mwimbaji, watu wataisikia hiyo sauti wakuone mwongo. Andika kwamba mimi ndiye aliyeombwa asikilize."

Yunus aliandika hivyo hivyo.