Kurasa Zilizoshonwa kwa Uzi wa Nyavu

Mimi nina ugonjwa: kitabu chochote nikikishika, naanza na ukurasa wa mwisho. Nataka kujua mapema nani anakufa na nani anaolewa, roho itulie, ndipo nirudi mwanzo. Na nikishajua, mdomo unaniwasha.

Jumamosi mchana, sisi wapenda vitabu tunakutana kwenye chumba changu cha cherehani, hapa Malangali. Tuko watano. Chai ya tangawizi inazunguka, kila mtu anasimulia alichokisoma, halafu tunabadilishana. Mmoja wetu ni mama muuza dagaa wa Kirando. Hupanda huku mara moja kwa mwezi kuleta mzigo sokoni, kwa hiyo kitabu kimoja anakaa nacho mwezi mzima. Kule ziwani, wakishaanika dagaa, anawasomea wenzake kwa sauti.

Mwezi wa tano alifika amechangamka, kitabu kimebaki robo.

"Jamani, huyu bwana harusi aliyepotea, mimi nasema yuko hai! Kule tumegombana hadi basi."

"Hai wapi!" nikaropoka. "Kazikwa kwenye shamba la kaka yake."

Lo! Mwalimu mstaafu wa kikundi chetu akaweka kikombe chini, akatikisa kichwa. Yule mama akafunga kitabu polepole.

"Dada, umenikosea sana. Wenzangu wananisubiri. Nitawasomeaje na mimi nishajua?"

Akabeba beseni lake akaondoka, chai hata nusu hajafika.

Mwezi uliofuata hakuja. Tulisikia aliuza dagaa wake sokoni, akapanda gari, akarudi zake. Niliumia, sitaki kudanganya. Nikamtumia ujumbe: nisamehe, mdomo wangu huu. Hakujibu. Wenzangu wakinitania nilikuwa nawafokea, kumbe najikasirikia mwenyewe.

Mwezi wa saba nikasikia hodi, nusura nijichome sindano. Ni yeye! Hakukaa. Alinipa kitabu kingine, nisichokijua, na kurasa zake za mwisho, kama ishirini hivi, kazishona pamoja kwa uzi wa nyavu. Mshono wenyewe umepinda, mimi fundi ningeona aibu kuutoa dukani, lakini ni mgumu huo!

"Soma mpaka hapo, basi," akasema. "Mwisho tutausoma wote nikija. Hata mimi siujui."

Mwezi mzima! Mimi, mwenye mikasi mitatu mezani! Siku ya tisa nilishaufikia uzi. Nikakiweka kitabu juu ya kabati, nikakishusha, nikachungulia pembeni, nikajitukana, nikakirudisha. Nilishona magauni ya watu huku nawawazia wale wa kitabuni, wataponaje. Sijawahi kupata raha ya namna ile.

Jumamosi yenyewe aliingia, salamu hata hajamaliza, akakidaka kitabu akaukagua uzi wake tundu kwa tundu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Haya, dada, chukua mkasi."

"Kata wewe," nikamwambia. "Uzi ni wako."