Sala Alizoniachia Mutheu

Nakumbuka Jumamosi moja ya Novemba, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru. Ukungu ulikuwa umelala juu ya milima yetu ya Nunguni hata shamba la jirani huoni. Tulikuwa wasichana wawili tukifagia kanisa letu dogo la mabati. Mmoja ni mimi, Kalekye. Wa pili ni Mutheu, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichunga mbuzi. Tulibatizwa siku moja, tukapokea Komunyo ya kwanza siku moja, na mtu akimwona mmoja wetu peke yake alikuwa akiuliza, "Mwenzako ni mgonjwa?"

Mutheu aliegemeza ufagio ukutani akaniambia, "Kalekye, masista wamekubali. Januari naenda."

Alitaka kuwa mtawa. Hilo nililijua siku nyingi, lakini kujua mvua itanyesha si sawa na kunyeshewa. Nilimkumbatia, nikamwambia nimefurahi. Sikufurahi. Mimi nami niliwahi kutamani maisha yale, baba akakataa. Sasa yeye angeenda, nami ningebaki na jembe na ufagio. Nilimpenda mno, mwanangu, usidhani nilimchukia. Shetani haji kila mara amevaa chuki. Wakati mwingine huja akiwa amevaa upendo usiotaka kuachilia.

Kilichobaki ilikuwa barua tu. Masista walitaka katekista wetu, mzee Musyoka, aandike kuhusu tabia ya Mutheu. Musyoka alikuwa mtu makini, hakuandika neno bila kulipima. Akaniita kando baada ya mafundisho.

"Wewe ndiye unayetembea naye kila mahali," akasema. "Kuna jambo lolote napaswa kujua?"

Ningesema hapana. Neno moja tu. Badala yake nilitazama chini, nikasema, "Labda mumuulize kuhusu yule dereva wa lori wa Emali."

Hapakuwa na lolote. Mutheu alikuwa akienda soko la Emali kuuza maharagwe ya mama yake, na dereva mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa akimsaidia kushusha magunia. Basi. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno likishatoka halirudi kama mbuzi jioni.

Barua haikuandikwa. Musyoka alimwambia Mutheu asubiri mwaka mwingine, bila kumweleza sababu. Mwaka uliofuata maneno yalikuwa yamefika kisimani na sokoni, na hakuna aliyekumbuka yalianzia wapi. Siku moja Mutheu alikuja jikoni kwetu, akaketi karibu na moto, akalia begani kwangu hadi kitambaa changu kikalowa.

"Nani ananichukia hivi, Kalekye?"

Nilimfuta machozi kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikageuka kuchochea moto. Baada ya wiki chache alifunga nguo zake akaenda kwa shangazi yake upande wa Mwingi, mbali kabisa, na sikumwona tena kwa miaka kumi na mitano.

Pasaka ilipofika niliungama. Nilimwambia padri, "Nilisema uongo," nikaupitisha haraka katikati ya makosa madogo madogo, kama mtu anayeficha jiwe ndani ya gunia la mahindi. Akanipa kitubio cha Salamu Maria tatu. Nilizisali nikielekea mlangoni.

Hapo ndipo baridi ilipoanza. Haikuja kwa kishindo. Niliolewa na Mutua, mtu mpole, nikapata watoto. Kwanza niliacha rozari, nikisema nimechoka na shamba. Halafu nikawa nachelewa Misa, nasimama nje na akina mama wengine tukizungumzia bei ya kabichi wakati Injili inasomwa. Kwaya niliimba, sauti nilikuwa nayo, lakini ilitoka kooni tu. Jirani yangu Mama Mbithe, aliyekuwa wa kanisa lile lingine la kupiga makofi, alinisikia nikibariki chakula siku moja akacheka: "Wewe unaomba kama mtu anayefukuza kuku." Nami nikacheka. Sikuona aibu. Ndiyo ubaya wa ugonjwa ule, hauumi. Sikumkasirikia Mungu. Afadhali ningemkasirikia, maana mtu hugombana na yule anayemjali. Mimi nilikuwa kama mwenye nyumba asiyesikia tena mlango wake ukibishwa.

Lakini ziko nyakati, nikipalilia peke yangu, nilikuwa nakumbuka tulivyokuwa tukisali na Mutheu tukiwa wadogo, tumepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na jinsi kifua changu kilivyojaa. Niliutamani moyo ule kama mtu anavyotamani maji ya nyumbani akiwa ugenini. Sikujua njia ya kuurudia.

Mzee Musyoka alipougua, jumuiya yetu ya kanisani ilipanga zamu ya kumpelekea uji. Zamu yangu nilimkuta ameketi kitandani, amekonda. Alikunywa kidogo akaweka kikombe chini.

"Nimeandika barua nyingi," akasema. "Inayoniuma ni ile ambayo sikuandika. Ya Mutheu. Sikumuuliza hata yeye mwenyewe. Nilikuamini wewe."

Niliketi sakafuni nikamwambia yote.

Alikisukuma kikombe cha uji kando. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Kwa hiyo umenibebesha dhambi yako miaka hii yote, nami nikidhani ni busara yangu."

"Niliungama, mzee."

"Uliungama uongo. Hukumwambia Mungu kwamba ndani ya uongo huo kulikuwa na mtu." Akavuta pumzi. "Sikia, Kalekye. Ukivunja nyungu ya mwenzako, hutasema pole ukaenda zako. Utainama uokote vigae. Na hiyo baridi iliyo ndani yako, usiiite uchovu. Ni mguu uliokufa ganzi kwa sababu umeukalia. Inuka. Utauma sana. Ukiuma, ujue uko hai."

Nilirudi kwa padri nikaungama tena, safari hii nikitaja kila kitu. Akaniambia Mungu amenisamehe, lakini jina la Mutheu nilirudishe pale nilipoliondoa.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, nilisimama mbele ya watu. Mutua alikuwa amejua tangu usiku wa Ijumaa, akainamisha kichwa. Nilisema: "Mliyoyasikia juu ya Mutheu niliyatunga mimi. Hakuwa na mwanamume yeyote. Nilimwonea wivu." Kanisani yalisikika mabati tu yakilia kwa jua. Mama yake Mutheu aliinuka kwenye benchi la tatu, akatoka nje bila kunitazama. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwezi mzima sokoni watu waliniuzia bila kunisalimia.

Kisha nikaenda Mwingi. Safari ya siku mbili, ukitoka baridi ya milima yetu hadi joto lile la barabara ya Garissa, mbuzi na vumbi kila upande. Nilimpata kwenye shule ya wasichana ya misheni. Alikuwa mpishi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua mawe kwenye maharagwe, nywele zimeanza mvi. Aliniona, akaendelea kuchagua.

"Umekuja," akasema.

"Mutheu, ni mimi niliye..."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Siku ile nililia kwako, ukanifuta machozi, lakini hukuniuliza watu wamesema nini. Rafiki angeuliza."

Nililia pale kwenye vumbi. Yeye hakulia. Nikamwuliza kwa nini hakuniumbua.

"Nilikuwa nimekosa utawa. Sikutaka kukosa na rafiki pia. Baadaye niliona nimekosa vyote." Akasogeza kigoda kingine kwa mguu. "Keti. Nilikusamehe zamani, Kalekye. Lakini usitake niseme haikuuma. Kila Januari wasichana wawili watatu wa hapa wanaenda kwa masista. Nawapikia chakula cha kuwaaga, halafu naingia stoo."

"Nikulipe nini?"

"Miaka yangu utaitoa wapi?" Alifikiri. "Nilichotaka kule ni zile saa zao. Alfajiri, adhuhuri, jioni, kengele inalia, unaacha ulicho nacho mkononi, unaenda mbele za Bwana. Mimi hapa sufuria hainiruhusu. Basi wewe zisali. Badala yangu, na kwa ajili ya ulilotenda. Hata kama hujisikii. Zaidi sana kama hujisikii."

Nilirudi Nunguni nikaanza. Usidhani mbingu zilifunguka. Mwaka wa kwanza nilisali kama mtu anayetafuna majivu. Nilisinzia. Nilisahau, nikarudia. Adhuhuri niliacha jembe likiwa limesimama shambani, nikapiga magoti kati ya mahindi, nikasema, "Bwana, hii ni ya Mutheu, sina yangu." Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu nilikaa na mtoto mgonjwa hospitalini siku nzima, na jioni nikagundua kifua kinaniuma: nilikuwa nimeikosa saa ya adhuhuri, na nilikuwa na kiu nayo. Furaha haikuwa imerudi. Ilirudi hamu tu. Nikamshukuru Mungu kwa hamu hiyo kuliko nilivyowahi kumshukuru kwa mavuno.

Mutheu alikuja nyumbani mara moja, kumzika mama yake. Tulipiga magoti pamoja pale kaburini. Masista hawangeweza kumpokea tena, umri ulikuwa umepita. Miaka michache baadaye habari zilifika kwamba amefariki. Ilikuwa masika, mito imefurika, sikufika mazishini. Hata leo natamani ningeushika mkono wake tena.

Sasa sikia, mwanangu. Ukimkosea mtu, usimfiche Mungu jina lake. Ungama, kisha uinuke urudishe ulichochukua, hata kama kitakachopatikana ni vigae tu. Malipizi hayanunui msamaha, msamaha ni wa Kristo na amekwisha kuulipia. Lakini anayependa hukaa akirekebisha. Na roho yako ikipoa, usingoje ijisikie ndipo usali. Weka saa, upige magoti, umwombee yule uliyemwumiza. Maji yaliyo chini ya mchanga hayaji juu kwa kutazamwa, huchimbwa kwa mikono.

Bwana akupe machozi ya kweli, na miguu ya kwenda pale unapoogopa. Mama Maria akushike ukisinzia. Na siku utakapomtamani Mungu usimwone, akujalie usichoke kumtamani. Amina, mwanangu. Nenda kwa amani.