Wifi Alichukua Uzi wa Marehemu Mama, Sasa Anataka Nimfumie Shali

Mwenye ukurasa, nifichie jina tafadhali. Wifi yangu pia husoma hapa, na akinijua nimekwisha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na sita. Naishi Uthiru na nafanya kazi ya ofisi huku katikati ya jiji. Kitu changu mimi mwenyewe ni kimoja tu, kufuma. Nafuma maharagwe yakichemka, nafuma mtoto akinisomea kitabu cha shule, na saa ya lunchi nakaa bustani ya Jeevanjee na sindano zangu, wenzangu wakila chipsi. Uzi nauficha penye nafasi: kwa mikoba ya shule iliyochakaa, nyuma ya kochi, na ule wa maana kabisa ndani ya sufuria kubwa ya wageni, ile hutolewa Krismasi na matanga. Mume wangu hunicheka, ati siku moja atapakuliwa uzi badala ya wali.

Mama yangu alipofariki niliachiwa sweta yake ya rangi ya damu ya mzee. Alikuwa na duka, na kwa sababu ya kuegemea kaunta miaka yote hiyo, viwiko vya ile sweta vilikuwa vimepauka. Niliifumua yote, nikazungusha uzi kwa miguu ya stuli iliyopinduliwa, nikauosha, nikauanika kivulini na kuuviringa mabonge. Nilitaka kumfumia kitinda mimba wangu, maana ndiye aliyepewa jina la mama. Mimi humwita Mami, jina lenyewe halinitoki mdomoni. Nilikuwa nimefika kwapani.

Sasa huyu wifi, dada mdogo wa mume wangu, alikuja kwetu wiki mbili tu akitafuta kazi Westlands. Kazi akapata, kuhama akasahau. Nilimpikia, nikamfulia, nikamvumilia. Siku moja naenda kwa sufuria, nakuta tupu!

"Wifi, uzi wangu uko wapi?"

"Ule mzee? Si ulikuwa umeutupa tu kwa sufuria? Nilipelekea mama fulani wa mashine ya kufuma pale River Road, akanitengenezea kitu kidogo."

"Na ile niliyokuwa nimeanza?"

"Aliifumua pia. Ala, Wifi, kwani ni dhahabu?"

Nilimwambia mume wangu. Akanijibu bila kuinua macho kwa televisheni, "Msigombane juu ya uzi. Nitakununulia mwingine." Mwingine! Atautoa wapi, jameni, na mama yangu yuko kaburini? Niliingia bafuni nikafungua bomba nikalia, ili Mami asisikie.

Wakati huo Wifi alikuwa amepata mchumba, na haikupita mwezi, mama ya huyo mchumba akaja chai tufahamiane. Akavua koti. Mungu wangu! Alikuwa amevaa sweta ya damu ya mzee, na mstari uliopauka ukikata kifuani. Vile viwiko vya mama yangu, nikavijua papo hapo.

"Msichana wenu ana mikono!" akasema, anapapasa ile sweta. "Mimi nilizaa wavulana watupu. Hakuna mtu amewahi kunifumia kitu."

Wifi akainamisha kichwa kwa aibu ya uongo. "Ni kazi ya jioni jioni tu, Mum."

Nilimwagia trei chai. Mami akamsogelea yule mama, akashika mkono wa sweta, kisha akaniangalia. Nikamtuma nje akacheze.

Jumamosi hii ni ruracio, mahari inaletwa kwetu. Yule mama ameomba shali ya kuandamana na sweta yake, Wifi amvishe mbele ya wazee. Basi Wifi akanipigia magoti jikoni. "Aki nisitiri, wewe fuma, mimi nitasema ni yangu. Hizo vijiti hata sijui kuzishika." Pole ya uzi wa mama yangu hakusema, hata moja. Nikamwambia sawa, na nikatabasamu.

Shali imekwisha, na ni nzuri. Lakini kitanzi cha mwisho sikukifunga. Uzi wake nimeupitisha ndani ya shada la nyuzi linaloning'inia pembeni, palepale mtu hushika akimvisha mwingine. Akivuta kidogo, mstari wa kwanza unaachia, halafu wa pili, halafu shali inakuwa uzi mtupu mapajani mwa watu. Nilijaribu jikoni, ikafumuka vizuri nikacheka peke yangu, kisha nikaifuma upya. Na sindano nimeweka kwa mkoba. Mbele ya familia zote mbili nitamkabidhi na kumwambia, "Wifi, si ni kazi yako? Itengeneze." Akishindwa, nitasema ile sweta ni ya nani.

Kinachonizuia ni yule mama. Hajanikosea. Atakaa pale na nyuzi magotini mbele ya wazee wake, na atajua kitu cha kwanza alichowahi kufumiwa kiliibwa. Na ruracio ikivunjika, huyu Wifi atabaki kwangu, anakula wali wangu! Lakini nikinyamaza, ataolewa kwa vigelegele na uzi wa mama yangu utaenda nyumba ya watu kabisa.

Msiniambie nisamehe. Nimeshasikia hayo kanisani na kwa mume wangu. Nataka yule mama aivue ile sweta kwa mkono wake mwenyewe, anirudishie niifumue tena. Leo asubuhi nikimvalisha Mami sweta ya dukani, ameniuliza ile ya cucu, nyanya yake, itaisha lini. Nimemwambia bado kidogo.

Shali iko hapa kwa meza ya ofisi nikiandika haya, na kitanzi kiko wazi. Nishaurini, ndugu zangu: nikifunge, ama nimwache Wifi avute?