Punguza Kidogo

Nimeshona suti za maharusi na za maiti, lakini hakuna mteja anayenichosha kama yule mpiga gitaa. Kila mwezi huleta suti ileile nyeusi ya vifungo vitatu, hupanda kibao mbele ya kioo na kubana kitambaa kiunoni kwa vidole viwili. "Punguza kidogo," husema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Tuko mwaka wa tisini na nane, lakini bendi yao inapiga nyimbo fupi za mbio, za vijana wa London wa miaka ya sitini, naye amezaliwa hapo Annandale, mtaa wa jirani na duka langu. Pikipiki yake ya Vespa ina vioo vingi kuliko saluni. Haketi kwenye benchi langu, suruali isije ikapata mikunjo magotini; nimewahi kumkuta kwenye treni tupu amesimama, amekumbatia gitaa. Nikimwambia kwapani hakuna tena kitambaa, hunyoosha tai na kukitazama kioo kana kwamba fundi ni kile kioo.

Jumamosi alitupatia tiketi za onyesho la bendi yao, mimi na mke wangu. Watu walikuwa wachache hata tukaona aibu kuondoka. Kwenye wimbo wa mwisho akarusha mkono juu, na mshono wangu ukachanika kutoka kwapani hadi ubavuni. Hakuacha kupiga. Alipomaliza akafunika mpasuko kwa kiwiko, akainama kana kwamba ukumbi umefurika.

"Baba Anitha, sasa atakoma," mke wangu akaninong'oneza.

Jumatatu nafungua duka, yuko mlangoni, amesimama, suti mkononi.

"Nishonee hapa," akasema. "Halafu punguza kidogo."